Nyumba za Chakula za Shella ya Malindi

Katika pwani ya Kenya pako mahali pawili penye majina yanayokaribiana. Pa kwanza ni Shela ya Lamu, kijiji cha mchanga mweupe kilichoko kisiwani. Pa pili ni Shella ya Malindi, mtaa wa kale ulioko ukingoni mwa bahari katika Kaunti ya Kilifi, yapata kilomita 120 kaskazini ya Mombasa. Habari hizi ni za Shella ya Malindi, na hasa za jambo moja ambalo kila apitaye mtaani humo hulitambua kwa pua kabla hajalitambua kwa macho, nalo ni chakula.

Mtaa wenyewe si mkubwa, na mtu aweza kuutembelea wote kwa miguu pasipo kuchoka. Upande wa kusini, juu ya rasi ya mawe iliyoingia baharini, imesimama nguzo ya Vasco da Gama, nyeupe, na juu yake msalaba wa jiwe lililoletwa kutoka Lisbon. Mbele kidogo liko kanisa dogo la Wareno, lililoezekwa makuti. Afuataye ufuo kwenda kaskazini hufika Msikiti wa Juma, na kando yake makaburi ya nguzo, ambayo ni ushahidi kwamba hapa palikuwa na mji wa Waislamu kabla Wareno hawajaliona bara hili la mashariki. Haiko mbali Nyumba ya Nguzo, iliyokuwa ya mfanyabiashara wa Kihindi, nayo siku hizi ni makumbusho.

Basi katika njia hizo hizo chakula kina saa zake. Alfajiri harufu ni ya mahamri yenye iliki yakikaangwa, na mbaazi zikichemka katika tui la nazi. Adhuhuri ni ya samaki juu ya makaa. Jioni hutoka harufu nyingine kabisa, ya unga wa ngano ukiokwa tanurini pamoja na nyanya na jibini kwa namna ya Italia. Na usiku ukishaingia, muuza kahawa hupita na dele lake la moto, akigonganisha vikombe vidogo ili watu wajue amefika. Kwa mwendo wa dakika chache tu mtu aweza kula chakula cha pwani, cha Bara Hindi na cha Ulaya.

Wageni hustaajabia jambo hilo, lakini wenyeji wamelizoea hata hawaliulizi tena. Walakini lina swali ndani yake, nalo lawahusu mvuvi, mkulima na mpishi wa Malindi kuliko linavyomhusu mtalii. Swali lenyewe ni hili: chungu cha mgeni kikikaa jikoni mwa mwenyeji, chungu cha mwenyeji huwekwa wapi?

MJI ULIOZOEA WAGENI

Kabla ya kulijibu swali hilo yafaa kukumbuka kwamba Malindi haikuanza jana kuwakaribisha watu wa mbali. Mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walimpeleka twiga mpaka kwa mfalme wa China, zawadi iliyowashangaza watu wa huko, na baadaye merikebu za amiri wa bahari Zheng He zilifika pwani hii. Mwezi wa Aprili 1498 alifika Vasco da Gama, akiwa amekwisha kukosana na watu wa Mombasa. Mfalme wa Malindi alimpokea vema, akampa vyakula pamoja na rubani wa kumwonyesha njia ya Bara Hindi.

Ukarimu huo haukuwa wa bure. Malindi na Mombasa walikuwa washindani wa siku nyingi, na mfalme alitaka rafiki mwenye mizinga. Lakini ulikuwa ukarimu wa kweli, kama ilivyoonekana mwaka uliofuata. Wareno waliporudi kutoka Bara Hindi walikuwa wamekaa baharini karibu miezi mitatu, na wengi wao walikuwa wamekufa au wako taabani kwa ugonjwa wa fizi kuvimba na mwili kulegea, ambao siku hizi hujulikana kwamba hutokana na kukosa matunda na mboga mbichi. Walitia nanga Malindi tarehe 7 Januari 1499. Kitu ambacho nahodha alikiomba kwa ajili ya wagonjwa wake hakikuwa dhahabu wala pembe za ndovu, bali machungwa. Nayo machungwa ya mashamba ya Malindi yaliletwa, pamoja na kondoo wa mfalme.

Kutoka zama hizo Wareno waliacha katika pwani mabaya yao, ambayo historia imeyaandika. Lakini waliacha pia maneno na mbegu. Neno «meza» ni la Kireno, kadhalika «mvinyo» na «nanasi». Mahindi, muhogo, mapera, mapapai na mikorosho, vyote asili yake ni Marekani, na katika zama hizo ndipo vilipovuka bahari kuja huku. Hivyo mkulima wa Malindi alaye sima ya mahindi mezani kwake anakula mbegu iliyosafiri, juu ya kitu chenye jina lililosafiri.

CHUNGU CHA MWENYEJI

Tukisema chakula cha asili cha Shella, twasema chakula gani? Hapana shaka cha kwanza ni samaki: nguru, changu, tewa, kolekole, na pweza wa miambani. Samaki wa kupaka huokwa kwanza juu ya makaa, kisha hupakwa mara kwa mara mchuzi mzito wa tui la nazi, uliotiwa ukwaju au ndimu, kitunguu saumu, bizari na pilipili, hata ung'ang'anie juu ya nyama na kugeuka rangi. Huliwa kwa wali wa nazi. Kazi yake haina haraka. Nazi hukunwa kwa mbuzi, hukamuliwa tui la kwanza na la pili, na mpishi asiyejua lipi litangulie chunguni na lipi lije mwisho ataharibu kitoweo.

Baada ya hicho viko pilau na biriani za arusi, sambusa, chapati, mkate wa mofa, viazi vya karai, kaimati, vitumbua, mkate wa kumimina, achari ya maembe, na halua inayoliwa na kahawa chungu. Hivi vyote wenyeji huviita vyao, nao wana haki. Lakini mtu akivichunguza ataona kwamba mchele ulitoka Asia, biriani ina jamaa zake Bara Hindi na Uajemi, sambusa hujulikana tangu Uarabuni hata Asia ya kati, na pilipili ile iwashayo ilitoka Marekani. Kahawa nayo ni ya Uhabeshi kwa asili, na watu wa Yemen ndio waliotangulia kuifanya kinywaji cha kila siku.

Hapo ndipo ilipo siri ya jiko la Waswahili. Halikukataa kitu cha mgeni, wala halikukipokea kama kilivyokuja. Lilikitia nazi, likakitia ndimu, likakipa jina lake, na baada ya vizazi vichache mtoto akakua akijua kwamba ni chakula cha bibi yake. Wazee walisema, mla cha mwenziwe na chake huliwa. Katika mambo ya jikoni methali hii si onyo tu. Ni sheria ya biashara njema.

Tena yapasa kukumbuka mikono iliyolima chakula hicho. Mji wa Malindi ulififia baada ya wafalme wake kuhamia Mombasa katika miaka ya 1590, ukafufuliwa katika karne ya 19 chini ya Masultani wa Zanzibar. Mtama na ufuta vilitoka Malindi kwa majahazi kwenda miji mingine ya pwani na Uarabuni, lakini mashamba yale yalilimwa kwa jasho la watumwa, ambao walijaza maghala wasiyoyamiliki. Hali ya utumwa ilifutwa katika sheria za pwani mwaka 1907. Kwa hiyo katika nchi hii swali la nani analima, nani anapika na nani anakaa kuandaliwa si swali jipya, wala si dogo.

WAGENI WA MAJIRA NA WAGENI WA KUKAA

Hoteli za Wazungu zilianza Malindi katika miaka ya 1930, hasa kwa ajili ya walowezi waliotelemka pwani kupumzika na kuvua samaki wakubwa. Mwandishi Ernest Hemingway wa Marekani alikuja mwaka 1934 kwa uvuvi huo huo. Mwaka 1968 Serikali ya Kenya ilizifanya sehemu za bahari ya Malindi na Watamu kuwa mbuga za hifadhi, na wageni waliotaka kuziona samaki na matumbawe wakazidi.

Lakini waliobadili jiko la Malindi kuliko wengine wote ni Waitaliano, nao hawakuletwa na utalii kwanza. Waliletwa na elimu ya anga. Katika miaka ya 1960 Italia ilijenga vituo vya kurushia roketi juu ya bahari katika Ghuba ya Ungwana, karibu na Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Tarehe 26 Aprili 1967 setilaiti ya San Marco 2 ilirushwa kutoka hapo. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sherehe za Uhuru wa Kenya, ilirushwa nyingine ya Wamarekani ya kuchunguza miali ya nyota, nayo ikapewa jina la Kiswahili, «Uhuru». Roketi ya mwisho iliondoka mwaka 1988. Roketi zilikoma, lakini Waitaliano walikuwa wamekwisha kuiona Malindi. Walikuja na jamaa zao, wakajenga nyumba na hoteli, na wakaleta tanuri zao za mikate, tambi zao, aiskrimu zao na kahawa yao nyeusi ya kikombe kimoja kidogo.

Matokeo yake yanasikika mpaka leo katika njia za Shella. Vijana wengi ambao hawajavuka bahari husema Kiitaliano kwa ufasaha, kwa kuwa walijifunza kazini na ufuoni. Wapishi waliozaliwa Malindi na vijiji vya Wagiriama walioko nyuma yake hukanda unga wa piza na kukata tambi kwa mkono ulio mwepesi. Kamba na kaa wa Ghuba huingia katika sufuria za mafuta ya zeituni. Na yafaa ijulikane kwamba nyanya ya hiyo piza si ya Italia kwa asili. Ilitoka Marekani katika karne ya 16, kama mahindi ya sima. Waitaliano nao walikula cha wenzao kabla chao hakijaliwa.

MFANO WA MJI WA VIENNA

Ili kulipima jambo hili yafaa kuutazama mji mmoja wa Ulaya wenye sifa ya chakula, nao ni Vienna, mji mkuu wa Austria. Nchi ya Austria haina bahari, wala haikutawala pwani hii. Hata hivyo watu wa pwani walizishika fedha zake mkononi kwa miaka mingi. Sarafu kubwa ya fedha yenye sura ya malkia Maria Theresa na mwaka 1780 ilitumika katika biashara ya Uhabeshi, Uarabuni na Zanzibar, na iliendelea kupigwa kwa mwaka ule ule baada ya malkia mwenyewe kufariki. Waswahili wa karne ya 19 waliiita reale ya Sham. Basi fedha za Vienna zilinunua nafaka na pembe huku, kabla mtu wa huku hajajua watu wa Vienna wanakula nini.

Watu wa Vienna wana nyumba ndogo za chakula ambazo wenyewe huziita Beisl. Si hoteli za fahari. Ni vyumba vyenye joto, vilivyopambwa kwa mbao ukutani, meza zimekaribiana, na mwenye nyumba mara nyingi huwajua wateja wake kwa majina. Hapo karani na fundi huweza kula kando ya tajiri. Chakula chao maarufu ni shnitzeli, yaani kipande cha nyama ya ndama kinachopondwa mpaka kiwe chembamba na kipana, kisha huviringishwa katika unga, katika yai lililopigwa, na katika chengachenga za mkate mkavu, ndipo hukaangwa katika mafuta mengi hata kiwe rangi ya dhahabu. Huletwa mezani na kipande cha limau. Kiko pia kitoweo cha nyama ya ng'ombe iliyochemshwa polepole katika supu, ambayo mfalme wao Franz Joseph aliipenda sana. Kiko gulashi, mchuzi mzito mwekundu wa nyama. Na baada ya chakula huja strudeli, yaani unga uliovutwa juu ya kitambaa mpaka uwe mwembamba kama karatasi, ukakunjiwa matofaa ya Ulaya, zabibu kavu na mdalasini, kisha ukaokwa. Mwanamke wa Shella ajuaye kusukuma manda za sambusa ataielewa kazi hiyo bila mkalimani.

Lakini vyakula hivyo vilitoka wapi? Gulashi ni ya Hungaria, na unga mwekundu uipao rangi ni wa pilipili iliyotoka Marekani. Madonge ya unga yaliwayo na nyama, na vitamu vingi, vililetwa na wapishi wanawake wa Bohemia waliokuja kutumika katika nyumba za Vienna. Kahawa waliipata kwa njia ya Waturuki, na nyumba ya kwanza ya kahawa iliyoandikwa katika hati za mji ilifunguliwa mwaka 1685 na Mwarmenia, Johannes Diodato. Dola kubwa ya Austria, iliyowakusanya watu hao wote, ilivunjika mwaka 1918. Vyakula havikuvunjika. Vilibaki Vienna, na leo dunia nzima huviita vya Austria.

Watu wa Vienna walifanya mambo matatu. Kwanza, walikipokea chakula cha mgeni na kukigeuza mpaka kikawa chao. Pili, walikilinda jina lake. Kwa kanuni za Austria nyumba ya chakula haiwezi kuandika «Wiener Schnitzel» peke yake ila kama nyama ni ya ndama. Ikiwa ni ya nguruwe, sharti iandikwe wazi, ili mlaji asidanganywe. Mwaka 2011 desturi ya nyumba za kahawa za Vienna iliingizwa katika orodha ya urithi wa taifa lao. Tatu, hawakukigandisha. Wapishi wao wa siku hizi hupunguza mafuta, huongeza mboga za majira, hutumia samaki wa mito na maziwa yao, na hukipanga chakula cha babu kwa namna mpya. Kwa hiyo katika nyumba moja mzee huagiza chakula cha utotoni mwake na kijana huagiza cha kisasa, na wote wawili wamekula chakula cha kwao.

HASARA ILIYOJIFICHA

Sasa turudi Shella. Jambo la kwanza Waswahili wamekwisha kulifanya, na kwa ustadi, kama ilivyoelezwa habari za biriani na sambusa. Yamebaki la pili na la tatu, na hapo ndipo penye upungufu.

Katika nyumba nyingi zilizofunguliwa kwa ajili ya watalii, orodha ya chakula hujaa vyakula vya Ulaya, na chakula cha Kiswahili hupewa pembe moja, au usiku mmoja katika juma pamoja na ngoma. Mpishi aliyezaliwa hatua chache kutoka hapo hupika tambi mchana kutwa, kisha hurudi nyumbani kula samaki wa kupaka aliopika mama yake. Si aibu kujua kupika cha mgeni. Ni elimu, nayo imelisha watoto na kulipa ada za shule. Lakini mpishi ajuaye cha mgeni tu, na cha mama yake asikitie bei wala jina, amejifunza nusu ya kazi. Na mama akiondoka na elimu yake, hakuna chuo kitakachoirudisha.

Hasara ya namna hiyo haionekani wakati wa neema. Huonekana wakati wa shida. Malindi ni mji wa majira: upepo wa kaskazi ukivuma, tangu Desemba, bahari hutulia na wageni huja, masika yakifika na kusi ikashika, Mto Sabaki huleta maji ya udongo baharini, mwani hutupwa ufuoni, na nyumba nyingi za wageni hufunga milango. Hayo ni ya kila mwaka. Lakini mwaka 2020 ulileta makubwa zaidi. Kwa sababu ya maradhi ya korona, Kenya ilizuia ndege za abiria kutoka nchi za nje mwezi wa Machi, na mwezi wa Aprili watu walikatazwa kuingia na kutoka Kaunti ya Kilifi. Ndege za nje hazikuruhusiwa tena mpaka mwezi wa Agosti. Kazi iliyomtegemea mgeni wa Ulaya peke yake ilisimama, na wapishi, wahudumu na wavuvi wa kamba wakarudi nyumbani mikono mitupu. Mama auzaye mahamri na mbaazi mlangoni kwake naye aliumia, lakini mteja wake hakuwa ng'ambo. Alikuwa jirani, naye jirani hana budi kula.

Funzo lake si kwamba tanuri za piza zibomolewe. Mtu avunjaye mlango uliomletea riziki hana busara. Funzo ni kwamba nyumba yenye mguu mmoja huanguka upesi. Nyumba ya chakula ya Shella yapasa isimame kwa miguu miwili, wa mgeni na wa mwenyeji, ili mmoja ukiteleza mwingine uishikilie.

NJIA ILIYO WAZI

Wala hakuna haja ya kungoja fedha nyingi. Shella ina kila kitu ambacho mwenye Beisl wa Vienna angekitamani. Zipo nyumba za mawe zenye kuta nene ambazo hupoa mchana, zenye baraza mbele za kukalia. Yupo samaki aliyevuliwa alfajiri ile ile. Mashamba ya nyuma ya mji hutoa nazi, korosho, muhogo, mchicha, ndimu na maembe. Hata embe la aina ya Apple, linalouzwa leo katika masoko ya Kenya yote, hutajwa kwamba lilianzia pwani hii ya Malindi. Mpishi aliyejifunza kuvuta unga mwembamba wa Ulaya aweza kukunjia embe hilo na iliki badala ya matofaa na mdalasini, na hapo atakuwa amefanya vile vile walivyofanya mababu zake kwa biriani.

Vile vile jina lilindwe. Ikiandikwa samaki wa kupaka, iwe ni samaki wa kupaka kweli, kwa tui lililokamuliwa siku ile, si samaki wa kukaanga aliyemwagiwa mchuzi wa kopo. Mgeni aliyedanganywa mara moja hatauliza tena, na sifa ya mtaa mzima itaharibika kwa uvivu wa mtu mmoja. Na mkulima asingoje kuitwa. Mwenye nyumba ya chakula hutaka mboga zile zile, za ukubwa ule ule, kila siku ya juma. Wakulima wachache wakipatana na kupeana zamu za kupanda, soko liko karibu nao.

Kwa upande wake, msafiri afikaye Shella, awe mtalii wa mbali au karani wa bara aliyepata likizo, ana wajibu wake. Asubuhi na anunue mahamri na mbaazi. Mchana na aulize pale anapokaa kama mpishi ajua kupika cha kwao, na akijua, akiagize na kukilipa kwa bei ya haki. Kwa kuwa mpishi hupika kile kinachoulizwa. Jioni akitaka cha Italia na ale bila haya, maana nacho ni sehemu ya historia ya mji huu. Akumbuke pia kwamba Shella ni mtaa wa Waislamu wenye misikiti yao. Mavazi ya ufuoni si mavazi ya vichochoroni, mwezi wa Ramadhani si adabu kula njiani mchana, na mtu anayeuliza nyama ni ya nini na imechinjwa vipi hajauliza vibaya, bali yafaa ajibiwe kwa kweli. Mtu wa Vienna amewekewa kanuni ya kumlinda mlaji. Mtu wa Shella alikuwa nayo zamani katika dini yake.

Usiku, nyumba za chakula zikianza kuzima taa, barazani watu hubaki na kahawa chungu yenye tangawizi na kipande cha halua. Hakuna orodha ya bei ukutani, wala kitambaa mezani, wala mara nyingine hakuna meza yenyewe. Lakini mazungumzo ni ya bure, na mgeni husogezewa nafasi. Waswahili husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Malindi imetimiza nusu ya kwanza ya methali hiyo kwa zaidi ya miaka mia tano, tangu siku za twiga na machungwa. Nusu ya pili, ya mwenyeji kupona, haitaletwa na jahazi wala ndege. Itatoka katika jiko la Shella lenyewe, siku watu wake watakapokiweka chungu chao mezani mahali pa mbele, kando ya chungu cha mgeni.